Umefunga heda, taa ya injini haizimiki: tuanzie wapi

Malipo ya korosho yakishaingia, gereji hapa Mtwara huwa na aina yake ya wateja. Wanashuka kutoka Newala, Tandahimba, wengine Masasi, vijana wenye magari madogo ya Japani, na kwenye buti kuna boksi refu lenye mabomba yanayong'aa. Hizo ndizo heda: mabomba yaliyopindwa na kuchomelewa, yanayofungwa kwenye silinda hedi badala ya ile menifodi ya ekzosi ya kiwandani. Wachache huja kabla ya kufunga, na hao nawapenda. Wengi huja wiki tatu baadaye, taa ya njano inawaka, gari linakunywa mafuta, na swali lao ni lile lile: "Njomba, nimeuziwa heda feki?"

Mara nyingi si feki. Mgonjwa ni kitu kilichohamishwa, kilichokatwa au kilichoachwa wazi wakati inafungwa: sensa, masega, bomba la EGR. Kwa hiyo hapa nitafuata dalili moja moja hadi chanzo chake. Ambaye hajanunua bado naye asome, kwa sababu karibu kila ugonjwa chini hapa ulianzia dukani.

Kwanza hesabu ulichonacho

Ingia chini ya gari na tochi kabla ya kugusa spana. Kwenye gari la kawaida la petroli utakuta sensa ya oksijeni ya kwanza kwenye menifodi au chini yake kidogo. Halafu masega, ule mkebe wenye kauri ya matundu membamba iliyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Baada ya masega, sensa ya pili, kama gari lako linayo. Magari mengine yana pia bomba jembamba linaloondoka menifodi na kurudi upande wa kuvuta hewa. Hilo ndilo la EGR: linarudisha moshi kidogo ndani ya injini ili moto usipande mno.

Kompyuta ya gari hupima mafuta kwa kuisikiliza sensa ya kwanza. Shabaha yake ni hewa kilo 14.7 kwa petroli kilo 1, maana ni karibu na kipimo hicho tu masega hufanya kazi zake zote tatu kwa pamoja: kuigeuza kaboni monoksaidi, kumaliza mafuta ambayo hayakuungua, na kuzivunja oksaidi za naitrojeni. Ukimdanganya mtoa habari huyu wa kwanza, kila kinachofuata kinaharibika.

Sasa angalia jambo moja ambalo wauzaji hawalisemi. Kwenye magari mengi ya kuanzia miaka ya 2000, masega makuu yameunganishwa na menifodi yenyewe, kipande kimoja. Ukifungua menifodi umeondoka na masega. Heda ya gari kama hilo, isipokuwa imetengenezwa na masega yake, ni heda ya kutoa masega hata kama tangazo halijasema hivyo. Injini nyingine menifodi imesubiwa ndani ya silinda hedi, hakuna cha kubadilisha kabisa, na bado nimeona watu wanauziwa.

Mashine inasema mchanganyiko mwembamba, lakini plagi ni nyeusi

Hii ndiyo inayowachanganya watu kuliko zote. Kodi inayotoka kwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari ni P0171 (nasema kodi za mashine, si za TRA), maana yake kompyuta inaona hewa nyingi, mafuta kidogo. Unafungua plagi, unakuta masizi kama chungu cha kuni. Gari linanuka petroli. Fundi asiyetulia hapo atabadilisha pampu ya mafuta, atasafisha nozeli, ataagiza sensa mpya, na hela ya korosho itaisha.

Ukweli ni kwamba moshi hautoki kwenye injini kama maji ya bomba. Unatoka kwa mapigo, na kati ya pigo na pigo msukumo ndani ya bomba hushuka chini ya ule wa hewa ya nje. Pakiwa na upenyo mdogo kabla ya sensa ya kwanza, bomba linavuta hewa ya nje kupitia hapo. Sensa inaikuta oksijeni ambayo haikutoka kwenye silinda, inaripoti, na kompyuta inaongeza mafuta. Injini haikuwa na njaa hata kidogo. Imelishwa kwa nguvu.

Kuthibitisha ni rahisi ukiwa na mashine inayoonyesha asilimia ya nyongeza ya mafuta. Injini ikiwa ya moto, soma namba kwenye sailensi, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa, kisha shikilia mizunguko 2500 kwa dakika. Ikiwa nyongeza ni kubwa kwenye sailensi na inashuka sana ukikanyaga, kuna hewa inaingia mahali, kwa sababu upenyo ule ule huleta madhara madogo moshi unapokuwa mwingi. Lakini angalia: hewa inayovuja upande wa kuvuta, kwenye intake, nayo hutoa namba za mtindo huo huo. Hapo ndipo plagi zinapokuwa shahidi. Intake ikivuja, kompyuta inaongeza mafuta yanayohitajika kweli na plagi hubaki na rangi yake ya kawaida. Ekzosi ikivuja, mafuta yanazidi na plagi zinakuwa nyeusi.

Kijana mmoja wa Newala alikuja na gari la silinda nne lenye namba hizi: asilimia 21 kwenye sailensi, asilimia 5 kwenye 2500. Alikuwa ameshabadilisha sensa mara mbili. Nikanunua kijiti cha udi duka la jirani, nikahakikisha hakuna harufu ya petroli popote (ukiisikia, usiwashe kitu), nikawasha injini ikiwa baridi na kuupitisha udi polepole chini ya flenji, lile bamba la heda linalokaa kwenye silinda hedi. Silinda ya kwanza, moshi ulipanda wima. Ya pili, wima. Kwenye ya nne ukaanza kucheza, unavutwa ndani, unasukumwa nje, unavutwa, kama kuna mtu anapumua nyuma ya chuma. Kijana alicheka, akasema kwao udi unawaita majini. Hapa umemwita mwizi wa mafuta.

Tulipoifungua, nikaweka rula ya chuma juu ya uso wa flenji na kupenyeza fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia upenyo, mwishoni. Nusu milimita ikapita bila kugusa. Flenji yenyewe ilikuwa na unene wa milimita 6. Mabomba yanapochomelewa kwenye bamba jembamba, joto hulikunja, na hakuna gasketi itakayoziba mkunjo ule muda mrefu. Ndiyo maana ukinunua heda anza kutazama unene wa flenji, si mng'ao wa mabomba. Milimita 9 hadi 10 ni kitu cha kuaminika, na uso wake uwe umesawazishwa kwa mashine baada ya kuchomelewa. Alama za kusawazisha huonekana kwa macho, mistari myembamba sambamba.

Tulipeleka flenji kwa fundi wa mashine, ikasawazishwa, ikafungwa na gasketi ya chuma ya tabaka, si ile ya karatasi iliyokuja kwenye boksi. Kukaza ni kuanzia nati za katikati kwenda pembeni, kwa awamu mbili au tatu, halafu gari likishapata moto na kupoa mara kadhaa unarudi kukaza tena likiwa baridi. Na tafadhali, usipake silikoni ya kawaida hapo. Mvuke wake hupanda kwenye sensa na kuipaka tabaka inayoizuia kunusa. Umeziba tundu na kuua pua.

P0420: masega hayafanyi kazi

Kijana wa Newala aliondoka na taa imezimika. Wiki tatu baadaye yuko mlangoni, safari hii na P0420. Nikarudi chini ya gari na tochi nikaona nilichopaswa kukiona siku ya kwanza, na hapo kosa ni langu. Baada ya heda kulikuwa na bomba tupu hadi kwenye sailensa. Masega ya gari lile yalikuwa ndani ya menifodi ya zamani. Na menifodi ya zamani? "Fundi aliyenifungia aliichukua, akasema ni chuma chakavu, atanipunguzia ufundi."

Kuna watu wanazunguka gereji wakinunua masega. Hakuna anayezunguka kununua takataka. Zile metali nilizozitaja ndizo zinazonunuliwa, na mteja ndiye anayelipa mara mbili.

Kodi hii hutokea hivi. Masega mazima huhifadhi oksijeni na kuitoa taratibu, kwa hiyo sensa ya pili, ya nyuma, hubaki imetulia, mara nyingi kwenye volti 0.6 au 0.7. Sensa ya kwanza ya aina ya zamani hupanda na kushuka bila kuchoka kati ya volti 0.1 na 0.9. Ukiona kwenye mashine ya nyuma nayo inacheza mdundo ule ule wa mbele, basi kati yao hakuna kinachofanya kazi: ama masega yamekufa, ama hayapo. Kabla ya kuhukumu, kagua uvujaji kati ya sensa mbili hizo, maana hewa inayoingia hapo huharibu ushahidi.

Lakini P0420 huja hata kwa waliobakiza masega. Heda ndefu, zile ambazo mabomba hushuka hadi chini ya sakafu kabla ya kukutana, huyasukuma masega nyuma. Masega huanza kazi yakifika nyuzi kama 250 hadi 300 za Selsiasi. Yakikaa mbali na injini hufika huko kwa kuchelewa, na safari zetu nyingi ni fupi: Shangani hadi sokoni, soko hadi Ligula, umezima. Gari linalokwenda Mingoyo kila siku halitapata shida hiyo kwa kiasi kile kile. Gari la mjini litaipata.

Ndiyo maana anayetaka kubakiza vifaa vyake namshauri heda fupi, inayoishia pale pale ilipoishia menifodi ya kiwandani na kufunga kwenye bomba la chini bila kukata kitu. Ukitazama matangazo ya Marekani utaona maneno kwamba heda fulani ni halali kwa majimbo yote 50. Hiyo ni kwa sababu California ina mamlaka yake ya hewa, CARB, inayotaka kifaa kama hiki kiwe na namba ya idhini, na namba hutolewa kwa injini na miaka maalumu. Sheria ile haifiki Lindi. Ila namba hiyo inakuambia kwamba kuna mtu alipaswa kuonyesha gari likifungwa heda ile halizidishi moshi, na hiyo ni habari ya maana kuliko picha ya gari jekundu. Shida ni kwamba magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, na heda za namba hizo hazikutengenezwa kwa ajili yake. Hapo unabaki na macho yako: tundu la sensa lipo? Flenji ya chini inalingana na ya kiwandani? Masega yanabaki mahali pake?

Kuhusu ile nati ndefu ya kuirudisha sensa ya nyuma mbali na moshi ili isinuse vizuri: najua inauzwa, najua taa huzimika. Siifungi. Taa imezimika, moshi ni ule ule, na siku masega yakiziba kweli hutapata onyo lolote.

Ukiamua kubaki na heda na kuongeza masega ya kuchomelea, yaweke karibu kadiri inavyowezekana na pale ya zamani yalipokuwa, na sensa ya pili iwe baada yake. Halafu hakikisha injini haimisi, yaani hakuna silinda inayokosa kuwaka. Taa ya injini inayowaka na kuzima bila kutulia ni kilio: mafuta mabichi yanafika kwenye masega na kuungulia mle. Kauri ile huyeyuka, hujifinyanga kama mshumaa na kuziba njia. Nimewahi kutoa masega mapya ya miezi miwili yakiwa donge.

Gari lililozibwa hivyo huanza vizuri, kisha mlimani linakata pumzi. Pima: toa sensa ya kwanza, funga geji ya msukumo kwenye tundu lake, shikilia 2500. Ikivuka psi 3 kuna kizuizi kwenye njia ya moshi baada ya hapo.

Kodi za sensa yenyewe: P0135, P0141 na ndugu zao

Hizi ni za hita iliyo ndani ya sensa, namba ya kwanza kwa sensa ya mbele, ya pili kwa ya nyuma. Baada ya kufunga heda chanzo karibu kila mara ni waya. Heda imehamisha tundu, waya haufiki, mtu ameunga. Na hapa kuna jambo ambalo hata mafundi wazoefu hushangaa nikiwaambia: sensa nyingi hupata hewa yao ya kulinganishia kupitia ndani ya waya, katikati ya nyuzi. Ukiunga kwa risasi, unaziba njia ya hewa, na sensa mpya inaanza kutoa majibu ya ajabu. Tumia viunganishi vya kubana, au waya wa nyongeza wenye soketi zake pande zote mbili.

Angalia pia aina ya tundu. Heda nyingi huja na tundu la nyuzi za M18 kwa 1.5. Toyota nyingi za zamani sensa yake haifungwi kwa kuzungusha, ina kiflenji cha bolti mbili. Nimeona watu wamekata kiflenji na kuchomelea sensa moja kwa moja kwenye bomba. Siku ikifa, utaitoa kwa msumeno.

Tundu lenyewe lisielekee chini wala kulala sawa kabisa. Liinuke angalau nyuzi 10 juu ya mlalo ili maji ya mvuke wa asubuhi yasikae kwenye kauri ya sensa na kuipasua. Na usidhani sensa yoyote inayoingia inafaa: ile ya kupima uwiano wa hewa na mafuta na ile ya kawaida ya oksijeni zinaweza kufanana kwa sura, lakini lugha zinazoongea na kompyuta ni mbili tofauti.

Injini inagonga ukipanda mlima umepakia

Kama kabla ya heda haikugonga, uliza lile bomba la EGR lilikwenda wapi. Heda za bei ya chini mara nyingi hazina tundu lake, na fundi huziba kwa bamba. Moto ndani ya silinda unapanda, petroli inalipuka kabla ya wakati, na unasikia kokoto ndani ya kopo pale unapoanza kupanda kwenda juu ya uwanda wa Makonde na magunia nyuma. Gari lenye kompyuta inayoikagua EGR litatoa P0401. Dawa ni kununua heda yenye tundu hilo, au kuchomelea tundu la saizi ile ile kabla ya kufunga, heda ikiwa bado mezani. Injini nyingi za Toyota za VVT-i za mwanzo wa miaka ya 2000 hazina bomba hili, kwa hiyo usitafute kisichokuwepo.

Nguvu imepungua badala ya kuongezeka

Si ugonjwa, ni uchaguzi. Heda ya mabomba manne kukutana mara moja hutoa faida yake juu kabisa kwenye mizunguko mingi. Ile ya manne kuwa mawili kisha moja husaidia katikati, ambako ndiko tunakoendesha. Bomba likiwa pana kupita kiasi, moshi unapoteza mwendo na gari linakuwa zito kwenye kuondoka. Kwa injini ya cc 1500 isiyoguswa, faida ya heda peke yake ni ndogo kiasi kwamba utaihisi zaidi sikioni kuliko kwenye kiti. Nasema hivyo na bado nazifunga. Mtu ana haki ya kupenda sauti.

Mlio wa tiki-tiki asubuhi, unaopotea gari likipata moto

Upenyo au ufa. Chuma kikipanuka kinajiziba. Tafuta mstari wa masizi meusi kwenye maungio. Usipouona, ziba bomba la nyuma kwa tambara injini ikiwa baridi, mwenzako akanyage kidogo, nawe unyunyize maji ya sabuni kwenye kila chomeleo. Povu halina upendeleo.

Ufa ukijirudia pale pale, acha kuchomelea na ukague mauntingi za injini, zile raba zinazoibeba. Injini inayocheza inapinda heda kila unapokanyaga, na pasipo fleksi, kile kipande cha bomba kinachopindika, chini yake kitu lazima kikatike. Wenye Subaru wana taabu ya ziada: heda zao ziko tumboni mwa gari. Nenda Msimbati ukakwame kwenye mchanga uone ni kitu gani kinagusa kwanza. Na kama unapenda ule mngurumo wa Subaru, ujue unatokana na mabomba ya urefu usiolingana. Heda ya mabomba sawasawa itauondoa. Nimeshuhudia mtu anataka kulia.

Harufu ya moshi ndani, kichwa kinauma

Usiendelee na safari. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu. Unachonusa ni wenzake waliofuatana nayo, na heda iko karibu na pale kiyoyozi kinapovuta hewa. Shusha vioo vyote, simama, shuka, tafuta upenyo kwa njia za hapo juu. Wakati uko huko, tazama kama waya za plagi, mabomba ya breki na raba za ekseli ziko mbali na joto, na kama ile ngao ya bati imerudishwa. Mara nyingi naikuta imetupwa kwa sababu "haikuingia".

Kutu, kwa wakazi wa pwani

Kuanzia Mikindani hadi Lindi na kuendelea Kilwa tunaishi na chumvi. Heda ya chuma cha kawaida iliyopakwa rangi nyeusi ya bei rahisi, rangi itaungua mapema na chumvi itafanya yake. Stenlesi ya daraja la 304 hudumu. Ya 409 ni nafuu, hushika kutu ya juu juu lakini haitoboki upesi, na sumaku huikamata, kwa hiyo ukiambiwa ni 304 beba sumaku mfukoni. Ile kamba ya kuzungushia mabomba ili kuzuia joto inapendeza kwenye picha, ila huku kwetu hunyonya unyevu na kuushikilia juu ya chuma usiku kucha. Juu ya chuma cha kawaida siipendekezi kabisa. Stadi za kwenye hedi nazo zipake mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla ya kuzifungua. Stadi iliyokatikia ndani ya hedi ya alumini inaweza kukugharimu kuliko heda.

Kijana wa Newala hatimaye alitaka vyote viwili, sauti na taa iliyozimika. Tulikata bomba lile tupu, tukachomelea masega mapya karibu na heda, sensa ya pili nyuma yake, waya ukaongezwa kwa soketi. Wakati huo huo alikuwa ameagiza menifodi ya mtumba kutoka Dar, kwa wasiwasi. Ilifika kwa basi ikiwa ndani ya gunia la korosho, masega yake yakiwa mazima. Nilimwambia asiifunge na asiiuze. Aipake mafuta, airudishe guniani na kuiweka uvunguni, na kila mtu anayefungua menifodi yake leo, kwa fundi yeyote yule, aondoke nayo mkononi kabla hajalipa.